BABULA YENYE MOTO ISILALE NDANI YA NYUMBA

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mnaosomewa ukurasa huu jioni,

Kazini mimi ni mtu wa hewa. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutangulia wenzangu katika galeri, kupima hewa, na kusema: ingieni, au: rudini nyuma. Mtu akinipita kabla sijatoa ruhusa, namwandikia ripoti, hata kama ni rafiki yangu, hata kama ni mkubwa wangu. Kuna wanaonichukia kidogo kwa ajili hiyo, nami sijali. Na mtu huyohuyo wa hewa, katika likizo yake, nyumbani kwake Ndosho, alikaribia kufa pamoja na bibi yake na watoto watatu kwa sababu ya babula moja ya makala iliyowekwa karibu na kitanda. Nimekaa na aibu hiyo muda mrefu bila kuisema kazini. Leo naiandika, kwa maana mvua zimerudi na babula zimeanza tena kuingia vyumbani.

Mvua ya siku ile ilianza saa kumi na moja ya jioni. Mnaokaa Goma mnajua: mji wetu uko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi, na mvua ikinyesha jioni, baridi inapita katikati ya mbao kama maji. Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano kama nyumba nyingi za kartie yetu. Ndani tumebandika makartoni ukutani ili kuziba nafasi. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na wiki tatu tu. Bibi yangu alikuwa amemaliza kupika maharagi kibarazani, na makala yalikuwa bado mekundu, mazuri, hayana moshi hata kidogo. Akaniambia: "Papa, tuiingize ndani. Mtoto atapata baridi, na nje wataiiba." Nami nikamjibu: "Ingiza, moshi umekwisha."

Angalieni vizuri neno hilo: moshi umekwisha. Nililisema mimi, niliyefundishwa na kompani namna ya kushika mashine ya kupima gesi.

Usiku wa manane niliamka nikitaka kutoka nje kidogo. Kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo. Nilisimama, miguu ikakataa. Sikufikiri kwamba ni hewa. Nilifikiri ni malaria. Nikapiga hatua mbili, nikaanguka juu ya mlango. Komeo la mlango huo lilikuwa bovu, na bibi yangu alikuwa akinisumbua mwaka mzima nilitengeneze. Kama ningalikuwa mtu mwenye bidii nyumbani, mlango ungalinizuia. Ukafunguka, nikaangukia nje kifua kizima, mvua ikanipiga mgongoni. Baada ya muda, sijui ni mrefu namna gani, akili ikarudi kidogo kidogo. Nikatambaa nikawavuta watoto mmoja mmoja. Wawili wakubwa walitapika. Mchanga alikuwa kimya, halafu akalia, na kilio hicho ndicho kilichoamsha majirani. Bibi yangu hakuitika. Alipewa oksijeni hospitali mpaka mchana wa siku ya pili. Wote tumepona, Mungu asifiwe.

Asubuhi watu wakajaa uani. Wengine walisema ni karuho, kwamba kuna mtu alitutilia sumu katika maharagi, na tayari walikuwa wakitafuta jina la huyo mtu. Wengine walisema ni mazuku imepanda kutoka chini ya nyumba. Shangazi mmoja alisema ni malaria ya nguvu. Babula ilikuwa palepale chumbani, imejaa majivu, na hakuna hata mmoja aliyeinyoshea kidole.

Basi tuieleze babula hiyo. Makala ni mti uliokwisha kuchomwa chini ya udongo bila hewa ya kutosha, mpaka maji na moshi vikatoka. Ndiyo sababu makala hayatoi moshi mwingi. Lakini kaboni imebaki ndani. Inapowaka bila kupata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haichomi macho, haileti kikohozi. Moshi wa kuni ni adui mwenye kupiga kelele: unakufukuza nje wewe mwenyewe. Huyu mwingine anakaa nawe kitandani. Akiingia katika mapafu, anaingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, na anaishika kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inatembea, moyo unapiga, lakini mwili haupati kitu.

Mmewahi kuona ule moto mdogo wa buluu unaocheza juu ya makala yanapoanza kushika? Moto ule ni gesi hiyohiyo inayoteketea. Moto wa buluu ukizimika, makala yakibaki mekundu na majivu meupe juu yake, watu wengi husema: sasa babula ni safi, iingie. Hapana. Sasa gesi inatoka bila kuteketea.

Na mazuku? Watu wa Goma tunaijua tangu wazee wetu, huko upande wa Bulengo, Himbi na barabara ya Sake. Mazuku ni gesi nyingine, gesi kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inalala katika mashimo na mabonde, hasa asubuhi pasipo upepo, na mbuzi au mbwa akishuka humo anabaki humo. Kwa hiyo tumefundisha watoto wetu: usishuke shimoni asubuhi. Mafundisho hayo ni mema, lakini kwa babula hayafai. Gesi ya babula si nzito. Inachanganyika na hewa ya chumba chote, juu na chini. Kulala juu ya kitanda kirefu hakukuokoi. Nimesikia watu wakisema eti waliweka bakuli la maji kando ya babula ili maji yanywe gesi. Maji hayainywi.

Wachimbaji wa zamani walilipa bei kubwa ili kuijua gesi hii. Mwaka 1896 mwanachuoni Mskoti, John Scott Haldane, alitoa ripoti juu ya watu waliokufa katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe Uingereza. Watu wengi walidhani waliuawa na mlipuko wenyewe. Yeye alipima damu na kuona kwamba wengi wao waliuawa na gesi hii iliyofuata nyuma ya moto. Akashauri kushuka na mnyama mdogo, kwa kuwa mwenye mwili mdogo anapumua upesi na kuanguka mbele ya mtu mkubwa. Ndiyo sababu wachimbaji wa Uingereza walibeba ndege wadogo katika vitundu mpaka mwaka 1986, mashine zilipochukua kazi hiyo. Sasa fikirini chumba chenu cha kulala. Mwenye mwili mdogo, mwenye kupumua upesi, ni nani? Ni yule mchanga ambaye mliingiza babula kwa ajili yake. Na mwenye mimba anapumua kwa ajili ya wawili.

Tusidanganyane juu ya sababu. Watu husema baridi, na baridi ni kweli. Lakini mara nyingi babula inaingia kwa sababu ya bei ya makala. Gunia limepanda chukudu kutoka mbali, limelipiwa njiani na sokoni, na mama hataki kuona nusu babula ya moto ikifa bure kibarazani. Tena kuna wezi, na tena kuna mvua. Mimi siwezi kumlaumu mama anayehesabu makala moja moja. Namlaumu zaidi baba aliyejifunza kazini na hakufundisha nyumbani, na huyo nimekwisha kumtaja.

Nilipowaeleza wenzangu habari hii katika kambi, injinieri mmoja kijana aliyesoma Ulaya aliniambia: dawa ya Goma ni peleti. Huko, alisema, nyumba nzima inapashwa moto kwa mti, usiku kucha, na watu wanalala vizuri. Nilimwuliza maswali mengi, kwa kuwa jambo lilinigusa, nami nikasoma.

Peleti ni unga wa mbao uliokaushwa na kukandamizwa na mashine mpaka ukawa vijiti vifupi, vinene kama kalamu, milimita 6 mpaka 8. Haviwekwi gundi, mti wenyewe ukipata joto na nguvu unashikana. Katika Austria, Sweden, Ujerumani na Italia familia nyingi zinavitumia. Tanuru linakaa katika chumba chake. Skurubu ndefu inasukuma peleti kidogo kidogo, kipepeo cha umeme kinapeleka hewa kwa kipimo, moto unachemsha maji, na maji hayo yanazunguka katika mabomba mpaka vyumbani. Moshi na gesi vinapanda katika dohani mpaka juu ya paa. Kwa hiyo watu wa nyumbani wanapata joto la moto bila kupumua hewa ya moto. Hiyo ndiyo siri yake, na peleti si siri. Mpe mtu peleti zilezile, aziwashe katika sufuria chini ya kitanda chake, naye atakufa kama mtu wa makala.

Zaidi ya hayo, peleti zenyewe zinaweza kuua hata kabla ya kuwashwa. Zikirundikwa nyingi mahali palipofungwa, mafuta ya mti yanaungana na hewa polepole na kutoa gesi ileile, monoksidi ya kaboni. Mwaka 2006, katika bandari ya Helsingborg huko Sweden, baharia alikufa aliposhuka katika ngazi ya meli iliyokuwa imebeba peleti. Mwaka 2011, Uswisi, mwanamke mmoja alikufa alipoingia katika ghala la peleti la nyumba za kukaa watu. Hapakuwa na moto mahali hapo. Ninyi mnaoshuka katika shimo lililofungwa siku nyingi hamtashangaa: mahali palipofungwa ni mahali pa kupimwa kwanza.

Kwa hiyo nilimjibu injinieri: tanuru hilo ni zuri, lakini linataka umeme usiokatika, chumba chake, dohani, mabomba ya maji na fundi. Nyumba ya mbao ya Ndosho haina hata kimoja. Tusingoje tanuru la Ulaya ili tuache kufa.

Tena peleti si habari ya mbali kama alivyodhani. Hapa karibu, Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kuanzia miaka ya 2010 kampuni iitwayo Inyenyeri ilitengeneza peleti za kupikia. Watu wa mji walipewa jiko lenye kipepeo kidogo wakinunua peleti kila mwezi, na watu wa vijijini walileta matawi wakapewa peleti badala yake. Jiko la namna hiyo linateketeza gesi na moshi kwa ukamilifu unaopita sana ule wa babula. Kampuni hiyo ilifunga kazi, nami nasikitika, kwa maana kama ingalivuka barrière na kuja kwetu, msitu wa Virunga, unaolipa sehemu kubwa ya makala yetu, ungalipumua kidogo. Lakini hata jiko lile lilikuwa la kupikia mahali penye hewa. Halikuwa la kulala nalo.

Ni vivyo hivyo kwa majiko bora yaliyoenezwa hapa Goma, kama Jiko Nguvu la WWF. Mimi nalipenda, linakula makala kidogo, na aliye nalo asiliache. Ila nimesikia kwa masikio yangu mama akisema: "Hili ni jiko bora, linaweza kulala ndani." Ubora wake ni kula kidogo, mama. Makala ni yaleyale.

Sasa baridi tuifanye nini? Jioni, mkiwa macho, mlango ukiwa wazi kabisa na dirisha wazi, kaeni karibu na babula kama mnavyozoea. Siwakatazi, hata kama kitabu changu cha kazi kingewakataza. Mbele ya kulala, babula itoke. Makala mekundu tieni katika kopo kubwa la chuma lenye kifuniko, likae nje, mbali na ukuta wa mbao, kwa sababu Goma tunajua namna moto unavyokimbia kutoka nyumba mpaka nyumba. Yakikosa hewa yanazimika, na asubuhi mnayawasha tena, hamkupoteza kitu. Lakini msiliingize kopo ndani likiwa bado na joto, maana gesi inatoka mpaka moto ufe kabisa. Babula tupu, iliyopoa, inaweza kuingia na kulala nanyi, mwizi hataipata. Kama mwizi anataka nusu kopo la makala, ayachukue.

Baridi nyingi ya Goma inatoka chini, katika mawe. Inueni matela kutoka chini, hata kwa mbao za kuokota. Chini ya matela tandikeni makartoni makavu. Yanafanya kazi huko kuliko ukutani. Zibeni nafasi za chini za ukuta, lakini ile nafasi ya juu, kati ya ukuta na bati, iacheni. Chupa ya maji ya moto, imefungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa kizito, inapasha kitanda kabla ya watoto kupanda. Kwa mtoto mchanga itoeni kwanza, isije ikamchoma. Mchanga mwenyewe hana babula iliyo bora kuliko kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu yao wawili. Baba pia ana kifua.

Jifunzeni na dalili, maana hapa ndipo tunapopotea. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea: kila mtu wa Kivu atasema malaria. Lakini malaria haiwashiki watu watano wa nyumba moja katika saa moja ya usiku. Na mgonjwa wa malaria akitoka nje hapati nafuu kwa sababu ya upepo. Mkiumwa wote pamoja, na aliyetoka nje akaanza kupona, tokeni wote mara moja. Ukikuta majirani wamelala hawaitiki, usikimbilie ndani ukapige magoti kuwaita. Fungua mlango na dirisha kwanza, vuta pumzi nje, ingia umeishika, mvute mmoja, toka. Mtu mwingine asimame mlangoni akuangalie. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe kwa ubavu. Asiyepumua apulizwe mdomoni mpaka apate msaada. Halafu hospitali, hata kama amekwisha kusimama na kusema yuko salama, na mwambieni daktari waziwazi: tulilala na babula. Sisi tulichelewa kusema, kwa aibu, na muuguzi akapoteza muda akitafuta malaria katika damu ya bibi yangu.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wetu. Kompani inatupa kofia, buti, taa na mashine ya kupima gesi, na hakuna anayeshuka bila hivyo. Lakini wengi wetu tunakaa kambini wiki nyingi, na familia ziko Goma peke yao, usiku, na babula. Nilipoomba mtu wa usalama aende kutembelea nyumba za wafanyakazi na kufundisha akina mama, nilijibiwa kwamba nyumba si shimo, na sheria ya kazi inaishia kwenye lango. Sikubali. Mfanyakazi aliyepumua gesi usiku kucha anakuja asubuhi na kichwa kizito kushika mashine. Na aliyefiwa na watoto hashiki mashine yoyote. Naomba delege wetu waliweke jambo hili katika mkutano ujao: mashine ndogo yenye king'ora kwa kila nyumba yenye mtoto mchanga, na kibanda cha jikoni chenye bati, nje, kwa kila nyumba ambayo kompani inajenga. Bati mbili na miti minne. Tumeona gharama kubwa kuliko hiyo kwa ajili ya sikukuu.

Wakati tunangoja jibu, fundi chuma wa atelye amekubali kukata makopo ya kuzimia makala, siku ya Alhamisi baada ya kazi. Mwenye kulitaka alete kopo la chuma lisilokuwa na rangi wala mafuta ndani, na kipimo cha babula yake.